Kutoka Karatasi ya Sheikh Al-Amin Hadi Ukurasa wa Mtandao

Mwaka 1930, mjini Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa. Ilikuwa ni karatasi moja tu, imeandikwa kwa mkono, kwa lugha ya Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, ikinakiliwa na kugawiwa watu. Sheikh hakuwa na matbaa yake, wala hakungoja mpaka awe nayo. Alikuwa ni msomaji wa Al-Manar, jarida lililokuwa likitolewa Cairo na Sheikh Rashid Rida tangu mwaka 1898, naye akaona kwamba watu wa pwani hii nao wanastahiki kuzungumzwa kwa lugha yao. Mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Makala za ile Sahifa zilikuja kukusanywa zikawa kitabu kinachojulikana kwa jina la Uwongozi, na wengi wetu tulikikuta kitabu hicho katika makabati ya wazee wetu bila ya kujua kuwa asili yake ni karatasi ya mkono.

Nimeanza na habari hii kwa kuwa wako vijana wanaodhani kwamba mtu kutoa maandishi yake mwenyewe, bila ya kupitia kwa mwenye kampuni ya vitabu, ni jambo lililozaliwa pamoja na simu za mkononi. Na wako wazee wanaodhani kwamba huo mtandao ni upuuzi mtupu, mahali pa kusengenyana na kutazama yasiyotazamwa. Makundi haya mawili, kwa maoni yangu, yamekosea yote mawili, na kosa lao ni moja: hawakuijua tarikhi ya chombo wanachokisifu au kukitukana.

Basi natutazame kidogo nyuma. Katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulikuwa maarufu kwa waandishi waliokuwa wakinakili Misahafu kwa mkono, kwa wino na kalamu ya mwanzi, wakaipamba kwa rangi nyekundu na nyeusi. Kuandika Msahafu mmoja kulikuwa ni kazi ya muda mrefu, na bei yake ilikuwa ni ya mtu mwenye mali. Matbaa zilikuwapo duniani zamani sana. Gutenberg alipiga chapa Ujerumani karibu na mwaka 1450. Lakini katika dola ya Waturuki, Ibrahim Muteferrika hakupata idhini ya kupiga chapa kwa herufi za Kiarabu mpaka mwaka 1727, na idhini hiyo iliviacha nje vitabu vya dini.

Watu hupenda kuwacheka wanazuoni wa zama zile kwa kuchelewa huko. Mimi siwacheki. Karibu na mwaka 1538, baba na mwana wa ukoo wa Paganini walipiga chapa Qur'ani nzima katika mji wa Venice, wakitaraji kuiuza katika nchi za Waislamu, nayo ikatoka na makosa mengi ya herufi na irabu. Fikiri, ewe ndugu yangu: mwandishi wa mkono akikosea, hukosea nakala moja, na atakayeisoma kwa sheikh atasahihishwa. Mashine ikikosea, hukosea mara elfu kwa siku moja. Hofu ile ilikuwa na msingi, ila dawa yake haikuwa kuikimbia mashine. Dawa yake ilikuwa ni kumweka msahihishaji mwenye elimu mbele ya mashine. Jambo hili tafadhali liweke moyoni, kwani nitalirudia.

Kwetu huku, Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kutoka mwaka 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeleta matbaa ya Kiarabu, na katika miaka ya 1880 vilipigwa chapa humo vitabu vya fiqhi vya Kiibadhi. Katika zama hizo hizo, mwaka 1879, waya wa simu ya maandishi ulipitishwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Natal. Utaona hapa chini kwamba waya wa bahari utakuja tena katika hadithi yetu.

Sasa tuje kwenye mtandao wenyewe. Watu wengi huchanganya vitu viwili. Intaneti ni zile njia zinazounganisha kompyuta, nazo zilianza Marekani mwaka 1969 kwa kompyuta chache za vyuo na taasisi za utafiti. Kurasa tunazozisoma leo zilikuja miaka ishirini baadaye. Mwaka 1989 Mwingereza mmoja, Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya CERN karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, aliandika pendekezo. Taasisi ile ilikuwa na wataalamu kutoka nchi nyingi, kila mmoja na kompyuta ya namna yake, na elimu ilikuwa ikipotea kila mtaalamu anapoondoka kurudi kwao. Berners-Lee alitaka njia ya kuweka maandishi mahali pamoja, na ndani ya maandishi hayo liwepo neno ambalo ukiligusa hukupeleka kwenye maandishi mengine yanayohusika nalo. Neno hilo tunaliita kiungo. Kufikia mwaka 1991 ukurasa wa kwanza ulikuwa umekwisha kuwekwa wazi kwa watu wa nje. Ulikaa ndani ya kompyuta moja ofisini mwake, naye akabandika karatasi juu yake kuwaonya watu wasije wakaizima.

Mambo mawili katika kazi ya mtu huyu yanafaa kutajwa. La kwanza, programu yake ya mwanzo ilikuwa ya kusomea na ya kuandikia kwa pamoja. Kwa fikira yake, kila msomaji alikuwa aweze kuwa mwandishi. La pili, tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba chombo hiki ni cha watu wote, hakuna atakayelipa kitu kukitumia. Lau wangaliweka kodi juu yake, sidhani kama ungekuwa leo unakisikia huko Lamu au Tanga.

Lakini kuandika ukurasa wakati huo kulihitaji kujifunza alama maalumu na kuwa na kompyuta ya kuuhifadhi. Mtu wa kawaida alikwama hapo. Ndipo kulipotokea kampuni zilizotoa nafasi ya bure. Iliyojulikana sana ilikuwa GeoCities, iliyoanza Marekani mwaka 1994. Mamilioni ya watu waliweka humo kurasa zao: picha za harusi, mapishi, mawaidha, tarikhi za miji yao. Mwaka 1999 ikanunuliwa na kampuni ya Yahoo, na mwezi wa Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga. Kurasa zikatoweka. Baadhi yake ziliokolewa na watu waliojitolea usiku na mchana kuzinakili kabla ya mlango kufungwa, na nyingine zikapotea moja kwa moja. Wenye kurasa hawakuwa na haki ya kudai chochote, kwani kiwanja hakikuwa chao. Walikuwa wamejenga katika ardhi ya mtu.

Neno blogu lilitokana na jina alilolibuni Mmarekani Jorn Barger mwezi wa Desemba 1997, kwa maana ya daftari la mtandaoni ambalo mwenyewe huandika kila siku, na maandishi mapya hukaa juu ya ya zamani. Mwaka 1999 ilitoka programu ya Blogger, na hapo mtu akaweza kuandika kama anavyoandika barua, akabonyeza, na maandishi yakawa wazi kwa dunia. Google ikainunua Blogger mwaka 2003. Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Matt Mullenweg na Mike Little wakatoa WordPress, programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia na kuibadilisha bila ya malipo. Wikipedia, ile kamusi elezo inayoandikwa na watu wenyewe, ilianza Januari 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza blogu yake ya Kiswahili iitwayo Jikomboe, naye anahesabiwa kuwa ni katika watangulizi wa jambo hili kwa lugha yetu. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi wa Tanzania naye akaanza yake, na Waswahili walio Ulaya na Ghuba wakawa wanaifungua asubuhi kama wanavyofungua gazeti, kutazama nani kaoa na nani kafariki.

Wakati huo kuingia mtandaoni kwetu kulikuwa ni shida. Njia ilipita juu kwa setilaiti, kwa pole na kwa ghali. Mwaka 2009 waya za bahari zikafika pwani yetu, ile ya SEACOM na ile ya TEAMS iliyokuja Mombasa, na ya EASSy ikafuata mwaka 2010. Miaka 130 baada ya waya wa Seyyid Barghash, habari zikarudi kupita chini ya bahari ile ile. Tangu hapo picha na sauti zikaanza kutembea kwa wepesi, na YouTube iliyoanza mwaka 2005, na WhatsApp iliyoanza mwaka 2009, zikaingia majumbani mwetu zote mbili.

Sasa labda utaniuliza: Nami nikitaka kuanza, nianzie wapi? Nitakujibu kwa mfano wa nyumba. Ukifungua blogu katika Blogger, umepanga chumba katika nyumba ya mtu. Hulipi kitu, unahitaji akaunti ya Google tu, na kwa nusu saa utakuwa umekwisha kuandika makala yako ya kwanza. Jina la mwenye nyumba litaonekana katika anwani yako. WordPress ina milango miwili, na wanaoanza huchanganyikiwa hapa. Kuna kampuni inayokupangisha chumba kama Blogger, bure au kwa malipo. Na kuna programu yenyewe, ambayo unaichukua ukaiweka katika seva unayoikodi, kwa jina lako mwenyewe. Huko ni kujenga nyumba yako: utalipa ada ya jina kila mwaka na kodi ya seva, na ikiharibika utaitengeneza wewe, lakini ukikasirikiana na mwenye seva unaweza kuchukua vitu vyako vyote ukahamia kwa mwingine. Ama Facebook, YouTube na mfano wa hizo, ni soko. Watu wako tele, na ndiyo faida yake. Lakini soko lina mwenyewe, naye ndiye anayeamua nani akae mbele na nani akae nyuma ya nguzo, na kesho anaweza kukufukuza bila ya kukueleza sababu.

Rai yangu ni kwamba maandishi yenye thamani yakae nyumbani, na sokoni upeleke habari zake pamoja na kiungo cha kuwarudisha watu nyumbani kwako. Anayeweka darsa zake zote katika soko la watu amefanya kama wale wa GeoCities.

Jambo jingine linalosahauliwa ni ufunguo. Misikiti na madrasa kadhaa zimepoteza kurasa zao kwa kuwa kijana mmoja tu ndiye aliyekuwa akijua neno la siri, akasafiri au akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ada ya jina ikapita bila ya kulipwa. Sisi ni watu tunaoijua waqfu. Kisima cha waqfu kina msimamizi, na msimamizi ana wa kumrithi. Basi funguo za ukurasa wa msikiti wapewe watu wawili au watatu waaminifu, na ada iandikwe katika hesabu za msikiti kama inavyoandikwa ya maji. Iko pia Internet Archive, maktaba iliyoanzishwa mwaka 1996 na Brewster Kahle huko San Francisco, ambayo hunakili kurasa za dunia na kuzihifadhi. Mtu yeyote anaweza kuipa anwani ya ukurasa wake ikauweka akiba, bila ya malipo.

Wapenzi wa herufi zetu za zamani nao wana habari njema. Kwa miaka mingi kompyuta zilijua herufi za Kizungu peke yake. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa Unicode, unaoipa kila herufi ya kila lugha namba yake, na Kiarabu kimo ndani yake pamoja na herufi za ziada za sauti kama p na ch. Kiswahili alichokiandika Sheikh Al-Amin katika Sahifa kinaweza leo kuandikwa mtandaoni kwa herufi zile zile. Wanaofanya hivyo ni wachache mno, na hilo ni la kusikitisha.

Nilisema nitarudi kwa msahihishaji. Siku moja niliamka nikakuta katika simu yangu habari ya kufariki kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa watu. Ilikuja kwa jamaa ninayemwamini. Nikasoma, nikaingiwa na huzuni, na kabla ya kuvaa kanzu nikawa nimekwisha kuipeleka kwa jamaa zangu wengine zaidi ya kumi. Tulipofika kwa marehemu, watu wazima na kofia zetu, alifungua mlango mwenyewe, mswaki mkononi. Aliyekufa alikuwa ni mtu mwingine wa jina kama lake, wa mji mwingine. Mzee alicheka, lakini binti yake aliyeko ng'ambo, aliyepata habari ile saa mbili kabla ya sisi kufika, hakucheka. Alianguka kazini. Nilipotaka kujua habari ile ilianzia kwa nani, sikuweza. Kila mmoja alisema kaletewa.

Wanazuoni wetu wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya suala hili: nani kakuambia, naye kaambiwa na nani? Mpokezi akiwa hajulikani, mapokezi yake hudhoofika. Katika WhatsApp, ujumbe ukipelekwa mbele hubakia maneno tu, na jina la aliyeanza hupotea njiani. Kampuni yenyewe iliona hatari ya jambo hili baada ya watu kuuawa India kwa sababu ya uvumi, ikapunguza idadi ya mahali mtu anapoweza kupeleka ujumbe kwa mara moja hadi patano, India mwaka 2018 na duniani kote mwaka 2019. Mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kuzungushwa mara nyingi ukaruhusiwa kupelekwa mahali pamoja tu kwa mara moja. Amri ya kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi iko katika Suratul Hujurat, nasi tunaisoma, kisha kampuni ya Marekani ndiyo inayotufunga mikono.

Kiungo cha Berners-Lee, kwa upande wangu, kinafanana na isnadi. Ukinukuu fatwa katika blogu yako, weka kiungo cha mahali ulipoitoa, taja jina la sheikh na tarehe. Msomaji atakifuata ahakikishe mwenyewe. Makala isiyo na kiungo wala jina ni kama mtu anayesema msikitini, "Nimesikia." Na ukikosea, usifute kimyakimya. Andika chini yake kwamba ulikosea, na usahihi ni huu.

Ziko pia sheria za nchi. Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni mwaka 2018, zikawataka wenye blogu wawe na leseni na walipe ada, na tangu hapo kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja. Kabla ya kuanza kutoa habari, uliza kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Kenya nayo ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018, iliyofanya kutangaza habari ya uwongo kwa makusudi kuwa ni jinai.

Haki ya mwandishi nayo watu huidharau, khasa kwa vitabu vya dini, wakisema elimu ni ya Mwenyezi Mungu. Kweli, lakini karatasi ina wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, kwa hivyo kwa hesabu hiyo muda wa maandishi yake umekwisha kupita. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwenye tafsiri ya Qurani Takatifu iliyotoka kamili mwaka 1969, alifariki mwaka 1982, na hesabu yake haimaliziki mpaka mwisho wa mwaka 2032. Kupiga picha kurasa zake zote ukaziweka mtandaoni si thawabu kama unavyodhani.

Lakini kuna mali ambayo haina kampuni nyuma yake, nayo iko ndani ya nyumba zetu: kanda za kaseti za darsa za Ramadhani za miaka ya 1970 na 1980, zilizorekodiwa na watu wa kawaida kwa redio za mkono. Utepe wa kaseti huharibika kwa joto na unyevu, na pwani tuna vyote viwili. Ikiwa unazo, anza wiki hii. Waulize kwanza watoto wa sheikh. Tafuta redio nzima ya kaseti na waya wa kuiunganisha na kompyuta, rekodi kanda moja kwa jioni moja, wala usiikate sauti ya watu wanaoitikia wala adhana inayoingia katikati. Weka nakala mbili mahali mbalimbali kabla ya kuweka hata moja mtandaoni. Kisha andika, kwa herufi zilizo wazi: jina la sheikh, msikiti, mwaka, kitabu kilichokuwa kikisomwa, na jina la aliyerekodi. Kama hujui mwaka, mpelekee kaseti mzee aliyekuwapo, umwekee asikilize. Aghlabu ataujua kwa sauti ya anayekohoa pale nyuma.